Vyuma Vyeupe Bomani: Kipi cha Maziwa, Kipi cha Maji, Kipi cha Kuweka Mbali na Ng'ombe



Ukizunguka boma lako leo utakuta vitu vingi vyenye rangi ya fedha. Kuna masufuria, keni ya maziwa, ndoo, bati la paa, waya wa uzio, sindano ya chanjo na chupa ya dawa ya kuogeshea. Huenda ipo pia betri ya sola iliyochoka, imewekwa nyuma ya nyumba ikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Vyote hivyo ni vyeupe na vikisuguliwa vinang'aa, kwa hiyo wengi wetu tunaviita vyuma, basi.

Lakini si kitu kimoja. Kimoja kinabeba maziwa miaka mingi bila kuyaharibu. Kingine ni kizuri kwa maji, ila ukiweka mtindi ndani yake kitawatapisha watoto. Na kingine, vipande vichache tu vikimezwa na ndama, humpofusha na kumuua. Rangi haikuambii lolote kati ya haya. Kipeperushi hiki kinakufundisha kuvitofautisha, ili maziwa yako yasikataliwe kituoni na mifugo yako isife kwa kitu ambacho kingeweza kufungiwa stoo.

MCHANGANYIKO WA METALI NI NINI?

Metali nyingi zikiwa peke yake zina upungufu. Nyingine ni laini mno, nyingine hushika kutu, nyingine ni nzito. Kwa hiyo viwandani huyeyushwa na kuchanganywa, kama wewe unavyompandisha jike la kienyeji kwa dume la Sahiwal. Unataka maziwa ya upande mmoja na uvumilivu wa ukame wa upande wa pili. Mchanganyiko wa metali huitwa aloi. Vyombo vingi vyeupe tunavyotumia ni aloi, si metali tupu.

Vingine si aloi bali vimevishwa koti tu. Ndani ni chuma cha kawaida, juu kuna tabaka jembamba la metali nyeupe. Koti likichakaa, kilichomo ndani hujitokeza. Tofauti hii ya aloi na koti ni muhimu, na utaiona huko mbele.

Na fedha yenyewe? Hiyo ni adimu bomani. Hereni na bangili nyingi nyeupe zinazouzwa mnadani si fedha. Vile vipande vyepesi vinavyoning'inia kwenye shanga mara nyingi ni alumini. Vile vizito vinavyong'aa huenda ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, ambayo wachuuzi wengine huiita fedha ya Kijerumani ingawa haina fedha hata kidogo. Ni mapambo mazuri, hayana tatizo. Ila usitoe mbuzi kwa bei ya fedha ukapewa shaba na nikeli.

1. ALUMINI: NYEPESI, NZURI KWA MAZIWA, ADUI WAKE NI MAGADI

Masufuria mengi na keni nyingi za maziwa ni za alumini. Ukichukua kipande cha alumini na kipande cha chuma vyenye ukubwa sawa, cha alumini kitakuwa na uzito wa karibu theluthi moja tu ya kile cha chuma. Ndiyo maana inafaa keni. Keni ya lita 40 ikijaa, maziwa peke yake yana zaidi ya kilo 40. Anayeibeba kwa pikipiki au punda hahitaji kuongezewa mzigo wa chombo kizito.

Alumini tupu ni laini, hubonyea upesi. Kwa hiyo keni hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na metali nyingine kidogo, kama manganizi au magneziamu, ili iwe ngumu. Haishiki kutu nyekundu kwa sababu hewa ikiigusa hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba sana usioonekana. Utando huo ndio ngozi yake. Ukiulinda, keni inadumu.

Kinachoharibu utando huo ni vitu vikali vya jamii ya magadi. Mama wengi huosha keni kwa magadi au majivu kwa sababu yanatoa mafuta vizuri. Ni kweli yanatoa mafuta, lakini pia yanakula alumini. Ukiweka maji ya moto yenye magadi kwenye sufuria ya alumini utaona mapovu madogo yakipanda na sufuria ikigeuka nyeusi. Hapo metali inalika. Soda kali ya kutengenezea sabuni ni mbaya zaidi, inaweza kuitoboa. Keni iliyolika huwa na vishimo vidogo ndani. Maziwa ya jana hujificha humo, na maziwa ya leo yakimiminwa juu yake huchacha kabla ya kufika kituoni. Mama anashangaa kwa nini maziwa yanakataliwa wakati ameosha kila siku. Ameosha, ndiyo, ila kwa kitu kisichofaa chombo kile.

Osha keni ya alumini hivi:
• Mara tu maziwa yakimiminwa, suuza kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu. Maji ya moto yakianza, maziwa hugandia ukutani.
• Kisha sugua kwa brashi, maji ya moto na sabuni ya kawaida. Usitumie mchanga wala stiliwaya, kwani vinakwaruza na mikwaruzo hugeuka maficho ya vijidudu.
• Suuza kwa maji ya moto sana.
• Inamisha juu ya kichanja, mdomo chini, juani, mbali na vumbi la zizi.
• Ukiona ukoko mweupe mgumu wa maziwa ndani, paka maji ya ndimu au siki, acha kidogo, sugua kwa brashi, kisha suuza vizuri.

Sufuria ikigeuka nyeusi kwa kuchemshia maji tu, si uchafu na haina madhara. Huna haja ya kuikwangua kila siku.

Jambo moja zaidi: keni ya alumini ni ya kusafirishia maziwa, si ya kugandishia. Mtindi una asidi, na asidi ikikaa siku kadhaa nayo inakula alumini polepole. Kugandisha, tumia kibuyu. Kibuyu kilichofukizwa vizuri hakitoi metali yoyote ndani ya maziwa. Hapo wazee wetu hawakukosea.

2. CHUMA KISICHOSHIKA KUTU (STENLESI)

Hiki ndicho kilicho bora kuliko vyote kwa maziwa, na ndicho ghali kuliko vyote. Ni aloi ya chuma na kromiamu, na mara nyingi nikeli pia. Ili chuma kisishike kutu kinahitaji kromiamu isiyopungua kama asilimia 10.5. Vyombo vizuri vya maziwa na vya hospitali mara nyingi huwa na kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Ukiona chombo kimepigwa muhuri wa 18/8, maana yake ndiyo hiyo.

Aloi hii ilipata umaarufu kuanzia mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza. Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha kutengenezea mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Akagundua kwamba chuma chenye kromiamu ya kutosha hakishiki kutu kama kingine. Kazi ya bunduki ikaleta visu vya jikoni, na baadaye matangi ya maziwa.

Siri yake ni kama ya alumini: kromiamu hutengeneza utando mwembamba juu yake, na ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Tofauti ni kwamba stenlesi inavumilia mtindi, ndimu, na hata magadi. Lakini nayo ina maadui wawili. Wa kwanza ni dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe. Ikiachwa ndani usiku kucha hutoboa vishimo. Ukiitumia kuua vijidudu, iwe hafifu, iwe dakika chache, kisha suuza. Wa pili ni stiliwaya. Vijinyuzi vyake vya chuma hubaki kwenye chombo na kushika kutu, kisha watu husema stenlesi ile ilikuwa bandia.

Sindano za chanjo pia ni stenlesi. Zioshe kwa maji safi na kuzichemsha dakika 20, kisha ziache zipoe kabisa kabla ya kuvuta chanjo. Usiloweke sindano na bomba kwenye dawa ya kuua vijidudu siku ya chanjo, kwa sababu mabaki yake huua chanjo zile zilizo hai na utakuwa umechanja maji. Sindano ikipinda usiinyooshe. Iliyonyooshwa huvunjikia ndani ya mnyama, na kipande hicho kitakuja kuonekana kwenye sahani ya mtu.

Koleo la kuhasia kwa kawaida ni chuma kilichovishwa koti jeupe. Likaushe kila baada ya kazi, paka mafuta kwenye maungio, na lihifadhi midomo ikiwa wazi. Likikaa limefungwa hupoteza nguvu, nawe utahasi madume nusu nusu.

3. BATI NA NDOO ZA ZINKI: NZURI KWA MAJI, MBAYA KWA MTINDI

Mabati ya paa, ndoo nyeupe za zamani, karai, baadhi ya mabirika ya kunyweshea na waya wa uzio ni chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Hili ndilo lile koti nililolitaja. Ukitazama bati jipya utaona mabaka mabaka yenye pembe kama yameganda. Hiyo ni zinki. Kazi yake ni kulika badala ya chuma. Ndiyo maana bati likikwaruzwa kidogo halishiki kutu hapo hapo.

Kwa maji ya kunywesha mifugo halina shida. Kwa vitu vyenye asidi lina shida kubwa. Maziwa yaliyoganda, ndimu, ukwaju, togwa au pombe vikikaa kwenye ndoo ya zinki huyeyusha koti lile na kulichanganya na chakula. Mtu akila hutapika, tumbo humsokota na kuhara. Familia hudhani maziwa yalikuwa ya ng'ombe mgonjwa, kumbe ni ndoo. Kwa hiyo usikamulie wala kugandisha maziwa kwenye ndoo ya bati la zinki, hata kama ni mpya na inang'aa kuliko keni.

Pia usichomee nyama juu ya waya mpya wa zinki au kipande cha bati. Moto mkali huyeyusha na kuchoma zinki na kutoa moshi mweupe. Fundi anayechomelea mabomba ya zinki ndani ya chumba kisicho na hewa hupata homa na kutetemeka usiku wake, kama mwenye malaria. Mara nyingi homa hiyo hupita kwa siku moja au mbili, lakini ni bora isiingie kabisa.

Chumvi hula zinki. Chumvi ya kulambisha mifugo iweke kwenye kihori cha mbao, tairi lililokatwa au plastiki. Kwa tairi, hakikisha nyaya zake hazijachomoza.

4. RISASI: HII NDIYO INAYOUA

Sasa sikiliza vizuri, na waite vijana wanaochunga wasikilize pia.

Risasi ni metali laini na nzito sana. Ukiikata kwa kisu, pale palipokatwa panang'aa kama fedha, kisha baada ya muda panafifia na kuwa kijivu. Risasi ya bunduki ilipewa jina hilo hilo kwa sababu vichwa vyake vilisubiwa kwa metali hii. Leo bomani inapatikana mahali pamoja kuliko pengine pote: ndani ya betri za gari, pikipiki na sola. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi.

Betri ikiwa nzima na imefungwa haimdhuru ng'ombe. Hatari huanza inapopasuka, inapopigwa na watoto, au inapochomwa na moto wa takataka. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazokatika kama majani makavu, na ungaunga wa kijivu. Ng'ombe, na hasa ndama, hupenda kulamba na kutafuna vitu hivyo.

Unajua mwenyewe jinsi ng'ombe wanavyotafuna mifupa wakati wa kiangazi. Malisho yamepungua madini, hasa fosforasi, na mnyama anayatafuta popote. Njaa hiyo hiyo humpeleka kwenye betri. Ndama naye hulamba kila kitu kwa sababu ndiyo anaanza kujifunza kula. Vipande vikimezwa havipiti. Ni vizito, vinatuama kwenye tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki, na kuendelea kuyeyuka humo siku baada ya siku.

Dalili za sumu ya risasi:
• Ndama hupofuka. Macho yanaonekana mazima lakini anagonga miti na ukuta.
• Husaga meno, hutoa povu, misuli ya uso na masikio hutetemeka.
• Husukuma kichwa kwenye ukuta au huzunguka bila kujua aendako.
• Hupatwa na degedege na kufa. Wengine hukutwa wamekufa bila dalili kuonekana.
• Ng'ombe mkubwa huweza kwenda polepole zaidi: hali, anazubaa, haoni, anafunga choo kisha anahara.

Dalili hizi zinafanana na kichaa cha mbwa na moyo maji. Kwa hiyo usitie mkono mdomoni kwa mnyama huyo kutazama kama amekwamwa na kitu. Mfunge mahali salama na mpigie afisa mifugo. Na aliyekufa ghafla usimpasue. Kimeta pia huua ghafla, na aliyekufa kwa kimeta akipasuliwa huchafua ardhi kwa miaka mingi na kuwaambukiza watu.

Boma moja nililoitwa, ndama watatu walikufa ndani ya siku nne. Wenyeji walikuwa wameshatumia pesa kununua dawa ya sindano dukani, kisha nyingine. Nilipouliza ndama hufungwa wapi mchana nikaonyeshwa kivuli nyuma ya nyumba. Pale chini palikuwa na betri ya sola iliyopasuliwa, na sahani zake zimetapakaa kwenye samadi. Hakuna dawa ya dukani ambayo ingewaokoa ndama wale huku sumu ikiendelea kulambwa. Ndama wa nne aliyekuwa amefungwa upande wa pili wa boma alipona kwa sababu hakuwahi kufika pale.

Matibabu yapo, lakini ni ya daktari wa mifugo na hufaa yakianza mapema. Mara nyingi huwa magumu kwa sababu vipande hubaki tumboni. Kwa hiyo kinga ndiyo dawa.

Na usimchinje mnyama huyo ili kuokoa nyama. Risasi huingia kwenye ini, figo na mifupa, na hutoka kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi, kwani metali haifi kwa moto kama vijidudu. Ng'ombe aliyelamba betri akapona anaweza kubaki na risasi mwilini kwa miezi mingi. Usiuze wala kunywa maziwa yake mpaka mtaalamu akuruhusu.

Watoto wa binadamu nao humo humo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huharibu ubongo: anachelewa kujifunza, na uharibifu huo haurudi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Watu wakaugua, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama nchini Kenya iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Pesa hizo zote haziwezi kumrudishia mtoto akili aliyopoteza. Kwa hiyo usiwaruhusu vijana kuyeyusha risasi ya betri kwenye kopo jikoni ili watengeneze chochote. Inayeyuka kwa moto wa kawaida wa kuni, na vumbi lake hubaki pale mnapopikia.

5. LEHEMU NA VYUNGU VYA KUSUBU

Kuna risasi nyingine iliyojificha. Ndoo au keni ikitoboka, fundi wa mnadani huiziba kwa lehemu nyeupe inayoyeyuka upesi. Lehemu nyingi ni aloi ya bati halisi na risasi. Kwa redio ni sawa. Kwa chombo cha maziwa si sawa, hasa maziwa yakiwa yamechacha. Keni ya alumini ipelekwe kwa fundi anayechomelea alumini kwa alumini. Kama hayupo, ile keni iwe ya kubebea maji ya mifugo.

Vilevile masufuria mazito yanayosubiwa na mafundi mitaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu vyeupe huwa ya mchanganyiko usiojulikana. Vipuri vya injini, redio na makopo huingia chungu kimoja. Vipimo vilivyofanywa Kamerun na nchi nyingine vimekuta risasi ikitoka kwenye masufuria ya namna hii wakati wa kupika. Ukiwa nayo, usipikie vitu vichachu wala usihifadhi chakula ndani yake usiku kucha. Kwa maziwa ya watoto tumia nyingine.

6. WAYA TUMBONI

Si kila chuma huua kwa sumu. Ng'ombe hachagui anapokula kama mbuzi. Huzoa na kumeza, kutafuna ni baadaye. Kipande cha waya wa uzio au msumari wa bati hushuka mpaka kwenye lile tumbo la sega. Tumbo likijikunja, waya huchoma ukuta wake. Mbele kidogo tu ya hapo upo moyo.

Ng'ombe huyo huacha kula ghafla, maziwa hukatika, husimama mgongo umepinda na viwiko vimetanuliwa, hukataa kushuka mteremko, na huguna akilala au akijisaidia. Wengi humdhania ana homa.

Chanzo kikubwa ni mabaki ya ujenzi na matairi yaliyochomwa. Tairi likiungua huacha rundo la nyaya nyembamba kwenye majivu, na majivu hayo yana chumvichumvi wanayoipenda ng'ombe. Ukijenga au kukarabati uzio, funga sumaku kwenye fimbo na upitishe chini mahali pote fundi alipokata waya. Sumaku ya spika mbovu ya redio inatosha. Itakusanya chuma na waya wa zinki. Haitakusanya alumini wala shaba, hivyo malizia kwa macho na mikono.

7. CHUPA ZA DAWA NA MRUTUTU

Baadhi ya dawa za kuogeshea huuzwa kwenye chupa nyeupe za alumini, nyepesi, zenye kifuniko kizuri. Watoto huzipenda kwa kubebea maji au maziwa wakienda machungani. Chupa hiyo ni alumini, ndiyo, kama sufuria yako. Lakini kilichokuwamo hakitoki kwa kuosha. Suuza mara tatu ukimwaga maji hayo ndani ya josho au bomba la kupulizia, kisha itoboe ili isitumike tena. Ifukie mbali na maji, au irudishe kama wakala wa dawa anazipokea.

Mrututu wa kuogeshea kwato usiuchanganye kwenye ndoo ya zinki wala ya alumini. Shaba iliyomo hushika kwenye ukuta wa ndoo, ndoo inalika na dawa inapoteza nguvu. Tumia plastiki au birika la saruji. Usiwaache kondoo wakanywa maji hayo. Kondoo huuawa na shaba upesi kuliko mifugo mingine.

JINSI YA KUTAMBUA CHUMA CHEUPE

Uzito: Ukiinua ukashangaa wepesi wake, ni alumini. Ukishangaa uzito wake, shuku risasi.

Sumaku: Ikishika kwa nguvu, ni chuma kilichovishwa koti, au aina fulani za stenlesi. Isiposhika, ni alumini, stenlesi yenye nikeli, lehemu au risasi. Kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi.

Mkwaruzo: Kwaruza kwa ncha ya msumari. Stenlesi inakataa. Alumini inakubali kidogo. Risasi inakwaruzika hata kwa ukucha, na ukiiburuza kwenye karatasi huacha mstari wa kijivu. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Sauti: Gonga kwa jiwe. Stenlesi inalia kama kengele. Risasi haitoi mlio.

Kutu: Kutu nyekundu kwenye ndoo nyeupe inakuambia kwamba koti la zinki limekwisha. Unga mweupe ni zinki au alumini inayolika.

Usijaribu kwa ulimi, wala kwa moto.

FANYA HAYA KABLA YA WIKI KUISHA

• Zunguka boma lote na ukusanye kila betri chakavu. Iliyo nzima ifungie ndani mpaka mnunuzi aje. Iliyopasuka, vaa mifuko ya plastiki mikononi, kusanya vipande pamoja na udongo wa pale, tia kwenye ndoo yenye kifuniko, na umuulize afisa mifugo pa kuipeleka. Ndama wasifungwe tena mahali hapo.
• Tenga vyombo: alumini na stenlesi kwa maziwa, zinki kwa maji, plastiki kwa mrututu. Weka alama ya rangi kwenye vya dawa ili hata mtoto asiyejua kusoma asikosee.
• Weka magadi na majivu mbali na keni.
• Weka chumvi yenye madini ya kulamba, hasa kiangazi. Ng'ombe mwenye madini ana sababu ndogo ya kutafuta betri.
• Okota waya na misumari kila baada ya ujenzi.
• Ukiona ndama kipofu, au ng'ombe anayesukuma kichwa ukutani, piga simu kwa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Mwambie pia kama kuna betri iliyopasuka karibu. Neno hilo moja litamwokolea muda mwingi.

Msomee kipeperushi hiki jirani yako ambaye hasomi, na mwonyeshe mama anayeosha keni na kijana anayefunga ndama. Hao wawili ndio wanaoshika vyuma hivi kila siku.